Kiganja Juu ya Picha

Kidole cha Dina kiligusa kioo cha kishikwambi, na Sajini Kibuyu akatoweka pamoja na gongo lake.

Mahali pake ikaja picha nyingine. Sajini yuleyule, tumbo mbele, amekaa mkekani anashambulia sinia la pilau, punje za wali zimemganda kwenye masharubu. Mwanangu Asteria alipiga makofi.

"Amekubali! Daktari, umeona mwenyewe? Anasema akishapona anataka pilau."

Hajra, mgonjwa wa kitanda cha jirani, alicheka mpaka akajishika mshono. "Pilau la hapa wodini au la kwao? Kama ni la hapa mwambieni afikirie tena."

Hata Daktari Mwishehe alitabasamu, na yeye si mtu wa meno nje. Akasema basi, vizuri, mgonjwa ameelewa. Keshokutwa asubuhi atapelekwa kwenye upasuaji, mguu wa kushoto utolewe chini ya goti.

Mimi nilikuwa namtazama Dina. Kidole alikuwa amekiondoa haraka kama aliyegusa sufuria la moto, na sasa alikuwa anamtafuta yule Sajini mwenye gongo. Alikiinua kile kioo. Akakigeuza, akachungulia nyuma yake.

Dina ni mdogo wangu, kanifuata ziwa. Homa ilimnyang'anya masikio akiwa bado anabebwa mgongoni, kabla hajapata maneno ya kutosha kulalamika. Shule ya watoto wasiosikia hatukujua iko upande gani wa dunia, na baba yetu hakuwa mtu wa kuulizauliza. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu, nikatolewa nikalinde ngedere shambani. Kwa hiyo tulikua hivyo, watoto wawili wa kijiji cha Kibuta, mmoja na maneno machache na mwingine hana hata moja. Tulikuwa na ishara za kula, za kulala, za kuja na za kwenda. Ng'ombe na mchungaji wake wanazo hizo pia.

Nilipoolewa na Calist nilikwenda na Dina. Calist alikuwa utingo wa lori la mkaa, na kila lori liliporudi kutoka Dar es Salaam alikuja na kitabu cha katuni ambacho madereva wameshakisoma wakakichoka. Vingine havikuwa na jalada, vingine vilinuka dizeli. Vyote vilikuwa vya watu walewale: Sajini Kibuyu, polisi mwenye tumbo kubwa anayemwogopa mkewe, na Bi Mkasi, fundi cherehani ambaye ulimi wake unakata kuliko kifaa chake. Nilivisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na ndivyo nilivyojifunza kusoma kwa mara ya pili. Dina alikaa ubavuni mwangu. Yeye hakuyahitaji yale mapovu ya maneno yanayotoka midomoni mwa watu. Aliwatazama usoni.

Halafu ikaja siku ambayo hakula. Nikamsogezea sahani, akaisukuma. Nikashika tumbo langu, yaani linauma? Akatikisa kichwa kwa hasira. Tulivutana hivyo, mimi naonyesha hiki yeye anakataa, mpaka akanyanyuka, akaleta kitabu, akafungua katikati na kuchomeka kidole kwenye kichumba kimoja cha picha. Ilikuwa Bi Mkasi amempa kisogo jirani yake, mikono kifuani, machozi yamesimama bila kuanguka. Nikakumbuka. Asubuhi ile nilikwenda ibadani na Asteria mchanga mgongoni, nikamwacha Dina alinde kuku, wala sikumuaga.

Nilikaa chini palepale. Dada yangu alikuwa ananiambia kwamba nimemdharau.

Kuanzia hapo katuni zikawa lugha ya nyumba yetu. Kanuni zake Dina alizitunga mwenyewe na sisi tukazifuata. Kidole juu ya picha: ndiyo, ni hivi. Kiganja juu ya picha, kuifunika kabisa: hapana, hili silitaki. Na kidole hakiondoki upesi. Neno la kawaida hukaa kidogo, neno zito hukaa mpaka ncha ya kidole iache unyevu kwenye karatasi. Aliweza kuweka kidole huku na kiganja kule, kwenye ukurasa mmoja, akasema jambo lenye pande mbili. Mzee wa kanisa aliyekuwa akija kutusalimia na kusahau kuondoka, siku moja alifunguliwa ukurasa wa Sajini anavyokimbizwa na nyuki. Mzee alicheka sana, akasema huyu dada ana vituko. Hakujua kwamba amefukuzwa.

Na Calist alipofariki, wakati watu wote wananiambia maneno yao, Dina aliniletea picha ya kiti kitupu mlangoni mwa nyumba. Akaniwekea mapajani. Hakuweka kidole wala kiganja.

Watoto wa watu hawakuelewa. Walidhani ni bibi wawili wanaopenda katuni.

Mchwa ndio walioleta yote. Asteria ni mwalimu Kibaha, na Krismasi moja alikuja akavuta lile boksi la uvunguni, upande mmoja ukabaki mkononi kama majivu. Alilia. Mtu anaweza kusema analilia nini, makaratasi? Lakini yeye alilelewa na makaratasi hayo. Mama yake mdogo alimgombeza nayo, akambembeleza nayo. Akayabeba yote mpaka Kibaha. Alichomoa pini za kila kitabu ili kurasa zilale vizuri, akazipiga picha moja baada ya nyingine, jioni zake zote za muhula mzima, akaziingiza kwenye kishikwambi, kama vile walivyogawiwa walimu, ila hiki alikinunua kwa ajili ya Dina.

"Mchwa wale hiki sasa," alisema alipokileta.

Na Dina alikipenda, nisimsingizie. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na Asteria alikipanga kiwe kinaonyesha kichumba kimoja kimoja, kikubwa, chenye mwanga wake. Dina alipitisha mchana mzima barazani, anagusa na kucheka, anagusa na kucheka. Ukigusa, inakuja picha inayofuata. Nilifurahi naye. Sikugundua kwamba kadiri siku zilivyokwenda alikuwa anatazama tu. Hakuniletea neno tena. Nilifikiri ni uzee, nilifikiri labda tumeshaambiana yote.

Kidonda kilianzia kwenye kidole cha mguu, mwiba wa nanasi ambao hakuusikia ulipoingia. Sukari inafanya hivyo. Inaua maumivu kwanza. Tulipokifungua kitambaa na kuona weusi, Asteria alikuja na gari la mwalimu mwenzake, tukampeleka hospitali Kibaha tukiwa tumemfunika khanga mbili, anatetemeka.

Daktari Mwishehe alinieleza taratibu, kama anayemhesabia mtoto. Sumu iko kwenye mguu. Ikipanda, hakuna dawa. Lakini akakataa kuchukua ridhaa kwangu. "Bibi, nyinyi mnaweza kusaini hata sasa," alisema. "Ila mguu si wenu. Ana akili zake timamu. Nataka kusikia kwake."

Waliita mtu anayejua lugha ya alama, kijana mpole sana, mikono yake inaruka kama ndege. Dina alimtazama kwa heshima, akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Yule kijana akaduwaa. Nikamwambia mwanangu, hiyo si ndiyo. Kwa mgeni Dina hukubali kila kitu, ndiyo salamu yake, ukimwambia anakwenda mbinguni leo ataitikia hivyohivyo.

Ndipo Asteria alipochomoa kishikwambi kwenye mkoba. Akamtafuta Sajini Kibuyu alivyoanguka kutoka kwenye mnazi na kurudi kwa mkewe na mguu mmoja umefungwa, kwapani gongo. Akamwonyesha Dina. Akaupitisha mkono chini ya goti la mgonjwa, kwa ukingo wa kiganja, kama kisu. Akaonyesha tena picha.

Dina alielewa. Niliona alivyoelewa, uso wake uliingia kivuli. Halafu akanyoosha mkono, vidole vyote vimefunguka, na kidole cha kati kikawahi kufika kwenye kioo kabla ya vingine.

Pilau.

Tulitoka mpaka kwenye kibaraza cha wodi. Asteria alikuwa ameshampigia mumewe simu kumpa habari njema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya msichana.

"Asteria," nikasema, "lete vile vya karatasi."

"Vipi vya karatasi?"

"Vitabu. Viko kwako."

Alinitazama. "Mama, ameshajibu."

"Aligusa, ikafunguka picha nyingine. Mkono wake ulikuwa unakuja wote."

"Wote vipi?"

Nikamwonyesha. Nikanyoosha mkono wangu hewani, kiganja wazi, kama mtu anayefunika chungu.

Alielewa haraka, yeye ni mtoto wa nyumba ile. Na kwa sababu alielewa, alikasirika. "Kwa hiyo unataka nini? Nimletee makaratasi akatae vizuri? Daktari ameridhika, mama. Keshokutwa anatibiwa, anapona. Unataka tuchokonoe? Akikataa utafanya nini, utamzika na vitabu vyake?"

"Punguza sauti."

"Hasikii!"

Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo za mgonjwa wake uani alijifanya anatafuta kibanio.

Alichoniuliza mwanangu nilikuwa nimeshajiuliza tangu ndani. Watu wakisikia habari hii hudhani nilitaka karatasi kwa sababu mimi ni mtu wa zamani, kioo kinanitisha. Hapana. Kioo kilikuwa kimenipa jibu lilelile nililomwomba Mungu. Mdogo wangu aishi. Nibaki na mtu wa kuota naye jua. Kilinipa na mashahidi juu yake, daktari na Hajra na mwanangu, na kingine kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu, kazi ambayo nimeifanya vizuri maisha yangu yote. Na karatasi nilijua itakachosema. Nilimjua Dina. Mtu ambaye hasikii mlango ukigongwa, wala mvua ikija, wala gari nyuma yake, miguu yake ndiyo inayompa habari. Aliniambia zamani, kwa picha ya Bi Mkasi aliyevua viatu, kwamba lori la Calist alikuwa analisikia kwa nyayo kabla yangu. Leo tunaukata mmoja.

Kwa hiyo nilikuwa nachagua. Si kati ya kitabu na kishikwambi, ingawa mikononi ilionekana hivyo.

"Akikataa," nikasema, "nitakuwa nimemsikia."

Asteria alijifuta uso na ncha ya khanga. "Wewe mama una roho ngumu," akasema. Lakini alitangulia kushuka ngazi.

Nyumbani kwake maboksi yalikuwa stoo, chini ya magunia ya mahindi. Tulikaa sakafuni mchana ule, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, na kuanza kupekua. Kurasa hazikuwa na pini tena. Sajini wa kitabu hiki alikuwa amechanganyika na Sajini wa kitabu kile, vichwa huku, miguu kule. Asteria alipekua bila kusema neno, anaweka kwa nguvu, paf, paf. Kisha akapunguza. Kisha akasimama kabisa, ameshika ukurasa mmoja kwa ncha za vidole.

"Huu ni ule aliokuwa ananionyesha nikikojoa kitandani," akasema.

"Bi Mkasi amelowana mvua."

"Nilikuwa namchukia huyu mwanamke." Akacheka, halafu kicheko kikageuka, na nikamwacha alie kwa sababu sikuwa na picha ya kumpa.

Daktari nilimkuta kabla hajaondoka. Nilimwambia, baba, lile jibu sina hakika nalo, nipe mpaka asubuhi. Nilitegemea anikaripie. Alivua miwani, akaifuta na koti. "Asubuhi, bibi. Isizidi hapo. Kidonda hakitusubiri."

Asubuhi tulimkuta Dina ameamka, ameoshwa, kishikwambi kimelala kifudifudi miguuni pake. Nilipoweka boksi kitandani alilitambua kabla ya kulifunua. Alichukua rundo la kwanza akalinusa, na mikono yake ikaanza kazi. Alizitandaza kurasa juu ya shuka, akizipanga safu kwa safu mpaka magotini, hii hapa, hii pale, hapana, hii kule, mpaka nesi aliyekuja na dawa akalazimika kupitisha mkono juu kama anavuka bustani.

"Leo mtoto kapata vitu vyake," Hajra akasema. Hakutania zaidi. Aliketi akajifunga khanga vizuri, kama watu wakiingia kwenye kikao.

Daktari Mwishehe alisimama upande wa miguu. Asteria nyuma yangu. Nilikuwa nasikia pumzi zake.

Nilichukua ukurasa wa Sajini mwenye gongo, nikauweka mbele ya Dina. Nikapitisha ukingo wa mkono chini ya goti lake.

Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa ameshafikiri siku nzima iliyopita. Kiganja chake kilishuka juu ya Sajini, kikamfunika gongo na tumbo na kofia, kikabaki hapo.

Asteria alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano.

"Amekataa?" daktari akauliza.

"Amekataa."

"Anajua maana ya kukataa?"

Ndilo swali nililokuwa naliogopa, kwa sababu wa kulijibu ni mimi. Kuna ukurasa ambao Sajini amejifanya kafa ili mkewe amlilie. Watu wanne wamebeba jeneza, na yeye anachungulia kwenye upenyo. Wasomaji wengine wanaucheka. Nyumbani kwetu ndio tuliopashana nao habari za kila msiba, na hakuna aliyeucheka. Niliutafuta kwenye ile bustani ya karatasi, nikauchukua. Nikauweka kando ya ule wa gongo, nikaweka kidole kwenye jeneza, nikakiacha hapo mpaka kikaacha unyevu. Kisha nikakiondoa na kumgusa yeye kifuani.

Dina alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, hata siku ya kuzaa. Halafu akaleta mkono wake wa pili, akaufunika na huo ukurasa. Akakandamiza. Viganja viwili, kurasa mbili, mishipa imesimama.

"Sasa anasemaje?"

"Anakataa vyote viwili, baba."

Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho manesi wanawakataza ndugu. Akasema taratibu, "Mwambie hakuna cha tatu."

Hiyo haikuwemo. Katika miaka yote, katika vitabu vyote, hatukuwahi kuhitaji picha ya kwamba hakuna kingine. Kisha nikaanza kuzikusanya kurasa. Nikamchukua Sajini na nyuki wake, nikamrudisha boksini. Nikamchukua Bi Mkasi mwenye machozi, Bi Mkasi aliyevua viatu, pilau, soko, harusi, mvua, kiti mlangoni. Mmoja mmoja, mbele ya macho yake, na kila mmoja nilioutia ndani aliufuata kwa macho mpaka ulipozama. Shuka likawa linarudi kuwa jeupe. Mwisho zikabaki zile mbili tu, chini ya viganja vyake, na nikafunika boksi.

Wodi ilikuwa kimya. Kwa Dina ilikuwa kimya siku zote, lakini safari hii tulikuwa tumeingia wote.

Aliuvuta ukurasa wa jeneza. Akaugeuza kifudifudi na kuusukuma, ukateleza ukaanguka chini ya kitanda. Hakuna aliyeuokota. Mkono uliobaki wazi ukafunua boksi, ukapekua kwa kupapasa, bila kuangalia, kwa sababu macho yalikuwa kwangu. Akatoa ukurasa mmoja, akaniwekea mapajani.

Wanawake wawili wamebeba gogo la kuni begani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Ni kichumba kidogo cha pembeni, nyuma ya Bi Mkasi anayefoka, watu waliochorwa ili kujaza njia tu. Hawana majina na hawasemi kitu. Kwa miaka yote nilikuwa nimewapita.

Hakuweka kidole. Alinisubiri mimi.

Niliweka kidole changu kwa yule wa nyuma, anayebeba upande mzito. Nikakiacha hapo. Niliona karatasi inavyolowana, na sikukiondoa.

Kiganja chake bado kilikuwa juu ya Sajini. Kisha kidole gumba kikajinyanyua kidogo, na ncha ya gongo ikaonekana.

"Bibi," Daktari Mwishehe akanong'ona, "amesemaje?"

"Subiri, baba," nikamwambia. "Bado anaongea."